Wengi Wape: Kisa cha Jimbo la Embakasi



Katika lugha yetu iko methali ya maneno mawili tu, ambayo wanafunzi wangu huipenda kwa kuwa haiwachoshi kuikariri: wengi wape. Iko na nyingine, ndefu kidogo na yenye ukali ndani yake: mgala muue na haki yake mpe. Neno mgala lilikuwa jina la dharau walilopewa majirani wa watu wa pwani ya kaskazini, na hatuna budi kulitaja kwa tahadhari. Lakini hekima ya methali yenyewe ni safi. Ya kwanza yautetea wingi. Ya pili yamtetea mchache, hata kama humpendi. Darasani huziweka methali hizi mbili ubaoni, moja kushoto na moja kulia, kisha nikawauliza vijana: je, taifa moja laweza kuzitii zote mbili kwa wakati mmoja?

Nimeona nilijibu swali hilo leo kwa kukusimulia habari za jimbo moja la uchaguzi ambalo halipo tena. Si la hapa kwetu Uganda. Ni la jirani yetu Kenya. Jina lake lilikuwa Embakasi, na lilikuwa upande wa mashariki wa jiji la Nairobi.

Kwanza tuelewane kuhusu istilahi. Tanzania husema jimbo la uchaguzi. Kenya husema eneobunge, kwa sababu huko neno jimbo lilikwisha kushikwa na kazi nyingine: mwaka 1963 lilikuwa jina la mikoa iliyopewa mamlaka yake na katiba ya uhuru, na mjadala wa majimbo ukawa mjadala wa kugawana nchi. Sisi Waganda wa Kiswahili cha darasani huyachanganya yote mawili. Hapa nitatumia jimbo, nikiwa na maana ya kipande cha nchi kinachomchagua mbunge mmoja.

Kenya ilipopata uhuru mwaka 1963, Baraza la Wawakilishi lilikuwa na majimbo 117. Seneti ilipounganishwa na Baraza hilo mwishoni mwa mwaka 1966, idadi iliongezeka, na uchaguzi wa 1969 ukafanyika katika majimbo 158. Mwaka 1988 yalikuwa 188. Mwaka 1997 yakawa 210. Hapo sheria ikaweka kikomo, nayo mipaka ikakaa pale pale kwa zaidi ya miaka kumi na mitano. Mipaka ilikaa, lakini watu hawakukaa.

Embakasi ndiko ulikojengwa uwanja mkuu wa ndege wa Nairobi, uliofunguliwa mwaka 1958, na waliouchimba na kuusawazisha walikuwamo wafungwa wa vita vya Mau Mau. Katika miaka ya 1970 ulianza mradi wa Dandora uliogharimiwa na Benki ya Dunia, wa viwanja vipatavyo 6,000 ambavyo mwenye kipato kidogo angepewa vikiwa na maji na msingi, kisha ajijengee mwenyewe. Ikaja mitaa ya Umoja, ikaja Kayole, ikaja Komarock, yakaja mabanda ya Mukuru kwa Njenga, na maghorofa ya Pipeline yaliyosongamana hata nguo za jirani hukaukia dirishani pako. Kila basi lililoingia jijini kutoka mashambani liliteremsha watu ambao, kodi za katikati ya mji zikiwashinda, walielekea mashariki. Wengi wao walifikia katika jimbo hilo moja, lenye mbunge mmoja.

Sensa ya mwaka 2009 iliwahesabu watu 925,775 katika Embakasi. Sensa hiyo hiyo iliwahesabu watu 18,841 katika jimbo la Lamu Mashariki. Embakasi ilikuwa na mbunge mmoja bungeni. Lamu Mashariki ilikuwa na mbunge mmoja bungeni.

Nikilifikisha somo hapa, huacha chaki na kuwapanga wanafunzi. Huchukua darasa la vijana 50, nikawaweka 49 upande mmoja wa chumba na mmoja upande wa pili, kisha nikasema: kila upande uchague kiranja wake. Yule aliye peke yake hujichagua mwenyewe kwa furaha. Wale 49 hutazamana. Huo ndio uwiano wa Embakasi na Lamu Mashariki, karibu 49 kwa 1, wala sijautia chumvi. Hakuna kura iliyoibwa hapo. Hakuna sanduku lililovunjwa, wala karani aliyebadili hesabu usiku. Kila mtu amepiga kura yake na imehesabiwa, lakini kura ya mmoja imepata uzito wa kura za arobaini na tisa.

Tena usidhani madhara yake yaliishia bungeni. Mwaka 2003 Kenya ilitunga sheria ya hazina ya ustawi wa maeneobunge, iliyotenga angalau asilimia 2.5 ya mapato ya kawaida ya serikali kwa ajili ya madarasa, zahanati, barabara ndogo na basari za wanafunzi wasiojiweza. Robo tatu ya fedha hizo ziligawiwa majimbo yote kwa mafungu sawa. Robo iliyobaki ikagawiwa kwa kipimo cha umaskini. Mafungu sawa! Neno lenyewe latamkika kama haki. Lakini fungu lililogawanywa kwa watu elfu kumi na nane na fungu lile lile lililogawanywa kwa watu laki tisa si fungu moja. Mtoto wa Kayole aliyeomba basari alipanga foleni nyuma ya watoto wengi mno, na hakujua kwamba foleni ile ilichorwa na mstari wa ramani kabla hajazaliwa.

Desemba 27, 2007 nilikuwa mgeni wa binamu yangu huko Kayole. Nilimsindikiza alfajiri hadi kwenye shule iliyokuwa kituo cha kura, na tulipofika foleni ilikwisha kuzunguka uzio ikarudi ilikoanzia. Watu walisimama kwa saa nyingi, wakigawana karanga na magazeti. Niliona fahari kuwatazama. Yaliyofuata nchini humo unayajua, na hata mbunge aliyechaguliwa na Embakasi siku ile, Melitus Mugabe Were, aliuawa kwa risasi langoni mwa nyumba yake Januari 29, 2008, mwezi mmoja na siku chache tu tangu achaguliwe. Juni mwaka huo watu wale wale walirudi foleni kumchagua mwingine.

Tume iliyoongozwa na Jaji Johann Kriegler wa Afrika Kusini, iliyochunguza uchaguzi wa 2007, ilitoa ripoti yake Septemba 2008, na miongoni mwa kasoro ilizozitaja ni huko kutolingana kwa majimbo. Ndipo katiba mpya ya mwaka 2010 ikaandika kipimo. Majimbo yawe 290, hayazidi wala hayapungui. Idadi ya watu wote igawanywe kwa 290 ipatikane hesabu ya wastani. Kila jimbo likaribie wastani huo, ila katika miji mikubwa na katika nchi zenye watu wachache waliotawanyika laweza kuzidi au kupungua kwa asilimia 40, na kwingineko kwa asilimia 30. Tena mipaka ipitiwe upya kila baada ya miaka isiyopungua 8 wala kuzidi 12.

Chukua kalamu, msomaji, tufanye hesabu. Wakenya walikuwa 38,610,097. Gawanya kwa 290, unapata watu 133,138 kwa kila jimbo. Embakasi ilikuwa na wastani huo mara saba kasoro kidogo. Ilipewa majimbo mangapi? Matano. Mwaka 2012 jimbo la Embakasi lilifutwa, na katika uchaguzi wa Machi 4, 2013 mahali pake pakasimama Embakasi Kusini, Embakasi Kaskazini, Embakasi ya Kati, Embakasi Mashariki na Embakasi Magharibi, mipaka ikiwa imesogezwa hapa na pale kati yake na majirani zake. Ukiwagawa wale 925,775 kwa tano, kila fungu linapata watu 185,155, yaani asilimia 39 juu ya wastani, na kikomo cha sheria ni asilimia 40. Wakazi wa mashariki ya Nairobi walipewa haki yao kwa kipimo cha chini kabisa kinachokubaliwa na katiba. Hata hivyo, kutoka mbunge mmoja hadi watano si hatua ndogo, nami siibezi. Nairobi nzima ilitoka majimbo 8 hadi 17.

Kwa hiyo Embakasi ni jimbo la zamani ambalo jina lake lingali hai mara tano. Halikufutwa kwa kuwa limekufa, bali kwa kuwa lilikuwa limejaa kupita kiasi. Ni kinyume cha yale majimbo ya Uingereza ambayo vitabu vya historia huyataja, kama Old Sarum, mji uliohamwa tangu karne ya 13 ukabaki kilima na magofu. Mwaka 1831 ulikuwa na wapigakura 11, nao ulikuwa ukipeleka wabunge wawili London, wakati mji wa viwanda wa Manchester haukuwa na mbunge wake hata mmoja. Jimbo hilo lilifutwa mwaka 1832. Bunge letu na la jirani zetu yote mawili yamerithi mtindo wa Uingereza, na inaelekea tumeurithi pamoja na ugonjwa wake.

Sasa nakuja kwenye upande wa pili wa ubao, na hapa nakiri kwamba moyo wangu haujatulia.

Lamu Mashariki si Old Sarum. Si magofu yanayomilikiwa na bwana mmoja wa ardhi. Ni Faza, ni Kizingitini, ni Kiunga karibu na mpaka wa Somalia, ni visiwa na misitu ambako mtu husafiri kwa mashua na kwa kutazama maji kujaa na kupwa. Ni Pate na Siyu, miji ya wanavyuoni na watunzi, alikozaliwa na kuolewa Mwana Kupona. Sisi tunaokula mkate kwa kufundisha Kiswahili tuna deni kwa watu wa visiwa vile lisilolipika. Lakini deni hilo hilo tunalo pia kwa Dandora, ambako vijana wa Ukoo Flani Mau Mau walikifanya Kiswahili kiimbe machungu ya jiji kwa mahadhi ya rapu. Lugha imepata watoto pande zote mbili. Mwalimu hana haki ya kumpenda mmoja akamnyima mwenziwe.

Kwa kipimo cha asilimia 40, jimbo dogo kabisa mwaka 2012 lilipasa kuwa na watu wasiopungua 79,882. Lamu Mashariki haikufika hata robo ya hapo. Ilinusurika kwa sababu katiba iliweka kifungu cha mpito: mapitio ya kwanza ya mipaka yasilipoteze jimbo lolote lililokuwapo. Zingatia maneno hayo, mapitio ya kwanza. Ya pili hayana kinga hiyo. Muda wa mapitio ya pili ulikwisha Machi 2024, wakati tume ya uchaguzi na mipaka ikiwa haina makamishna hata mmoja. Wapya hawakuapishwa hadi Julai 2025. Sensa ya 2019 iliwahesabu watu 143,920 katika kaunti yote ya Lamu yenye majimbo mawili, na wastani wa taifa kwa sensa hiyo ni watu 164,015 kwa jimbo. Maana yake ni kwamba Lamu nzima, Mashariki na Magharibi kwa pamoja, haijazi jimbo moja la wastani.

Je, tuseme wengi wape, tuifute? Au tuseme haki ya mchache, tuiache, na watu wa Pipeline waendelee kusongamana?

Maoni yangu ni haya. Methali zile mbili hazigombani. Kila moja ina nyumba yake. Katika bunge la majimbo, ambalo huhesabu vichwa, kipimo kiwe kimoja kwa wote, na kila asilimia ya upungufu ielezwe sababu yake hadharani. Lakini Kenya ina nyumba nyingine, Seneti, ambamo kila kaunti kati ya 47 huchagua seneta mmoja: Nairobi mmoja, Lamu mmoja. Huko mchache hupewa haki yake pasipo kumnyang'anya mtu. Iko pia hazina ya usawazishaji, inayotengewa nusu ya asilimia moja ya mapato kwa ajili ya maji, barabara, afya na umeme katika sehemu zilizoachwa nyuma. Mtu wa Kizingitini akipata boti ya wagonjwa na gati imara kwa njia hiyo, kiti cha bunge kitakuwa kiti tu, si kamba pekee ya kujiokolea. Kinachowafanya watu walililie jimbo kama roho ni kwamba tumezifunga huduma zote kwenye kiti hicho. Zifungue huduma, na mjadala wa mipaka utapoa wenyewe.

Nawe ukinitaka niseme ni lini wafanye mabadiliko hayo Lamu, nitasema: boti na gati kwanza, ramani baadaye. Kumwondolea mchache mbunge wake kwa ahadi ya huduma zisizokuja ni kumuua na haki yake kumnyima.

Na sisi je? Mwaka 1996 Uganda ilichagua wabunge wa majimbo 214. Mwaka 2021 majimbo yalikuwa 353. Katiba yetu, katika ibara ya 63, inataka majimbo yakaribie wastani wa idadi ya watu, na yapitiwe baada ya kila sensa. Lakini ibara hiyo hiyo yasema kila kaunti iliyoidhinishwa na Bunge iwe na mbunge angalau mmoja. Hapo ndipo mlango ulipo. Kaunti mpya ikizaliwa, jimbo jipya limezaliwa, na wilaya mpya ikizaliwa, kiti cha mbunge mwanamke kimezaliwa pia. Wilaya ya Wakiso ina watu zaidi ya milioni 3 kwa sensa ya 2024, na mbunge mwanamke wa wilaya ni mmoja. Wilaya ya Kalangala, visiwa vyetu vya Ssese, haifikishi watu laki moja, na mbunge mwanamke wa wilaya ni mmoja. Kalangala ndiyo Lamu yetu, na Wakiso ndiyo Embakasi yetu. Tofauti ni kwamba sisi hatuna Seneti ya kuigawia methali ya pili nyumba yake. Kila kitu tunakitia katika bunge moja, kisha tunashangaa kwa nini limejaa.

Kenya ilikosea kwa kuuacha mstari bila kuugusa hadi watu wakafurika. Sisi tunakosea kwa kuchora mstari mpya kila msimu, tukipiga ngoma na vigelegele siku jimbo linapotangazwa kana kwamba tumepewa hospitali. Makosa haya mawili yana mzazi mmoja: mpaka kuchorwa kwa hiari ya walio madarakani, si kwa kipimo kilichoandikwa kabla.

Kwa hiyo nakuomba mambo mawili, ndugu msomaji. Mwanasiasa atakapokuja kijijini kwako na ahadi ya jimbo jipya, usipige makofi kwanza. Muulize: jimbo letu lina watu wangapi, na la jirani lina wangapi? Na wa pili: huduma gani tutaipata kwa mbunge wa pili ambayo hatukustahili kuipata kwa huyu wa kwanza? Akijibu yote mawili kwa hesabu, msikilize. Akijibu kwa wimbo, mshukuru kwa wimbo wake umwache aende.

Neno kura lenyewe tumelipokea kutoka Kiarabu, na asili yake ni kijiti cha kubahatisha: watu walipiga kura ili bahati iamue pale ambapo wao hawakuweza kuamua. Tumelipa neno hilo kazi mpya na ya heshima, kwamba watu waamue wenyewe. Lakini ikiwa thamani ya kura yako yategemea tu ni upande gani wa mstari ulikopata chumba cha kupanga, basi tumelirudisha neno kwenye asili yake, na wewe bado unabahatisha.

Binamu yangu angali Kayole. Nyumba ni ile ile, mlango ule ule. Siku hizi ni mpigakura wa Embakasi ya Kati, na hakuhama hata hatua moja.